Mtoto Tuliyemgawana

Saida mwanangu,

Salamu sikuandikii, tumesalimiana asubuhi ukaniitikia huku umegeukia dirisha. Haya, nimezipokea hivyohivyo. Sasa ni alasiri. Wewe umeshuka Bukoto kuwaaga wenzako wa duka la dawa, mabegi yako yamepangwa ukumbini, na mimi nimekaa jikoni na kalamu ya ndugu yako Yusufu, ile anayokasirika mtu mwingine akiigusa, kwa hiyo naandika kwa wizi. Kuandika si kazi yangu, unajua. Lakini nikisema kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utanuna, na kesho utapanda basi la Mwanza tukiwa hatusemi. Barua nitaitia kwenye mkoba wako, chini ya khanga. Isome ukishavuka mpaka pale Mutukula, ukiwa mbali, nisikusikie ukinijibu.

Sitakuandikia habari za kupika, wala za kumeza vidonge vya damu, wala namna ya kukaa na mama mkwe. Umeolewa, Idrisa amekutafutia nyumba na anakungoja, na mambo hayo ama nilikwisha kukufundisha ama nimechelewa. Nataka kukujibu lile swali lako.

Ulikuwa unakata vitunguu, umenipa mgongo. Ukasema, "Mama, huyu wangu atakuwa kama Yusufu?"

Nami, mama mzima, nikakujibu nini? "Hebu tazama wali, unaungua." Wali haukuwa unaungua. Ulifunua sufuria, ukaifunika, ukaweka kisu chini ukaenda chumbani kwako. Jioni ile ile ukatangaza kwamba hutarudi Kampala kuzaa. Utazalia Mwanza, kwa mama yake Idrisa.

Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mimba ya kwanza msichana huizalia kwa mamake, akakaa arobaini yake anakandwa na kupikiwa uji wa pilipili manga, ndipo akarudi kwa mume. Mimi nilikuzaa wewe kwa mama yangu. Mama yangu alinizaa mimi kwa mama yake, na miaka ile watu hapa mjini walikuwa wanalala chini ya vitanda kwa kuogopa risasi, lakini alikwenda. Wewe ndiye wa kwanza kusema hapana. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nimeshindwa hata kukukasirikia, kwa sababu najua ni kwa nini. Hutaki kukaa siku zako zile katika nyumba moja na ndugu yako.

Usidhani sijaona mambo ya vigoda. Tangu Yusufu yu mdogo, baada ya magharibi anaweka vigoda viwili hapa jikoni, chake na chako, vinatazamana. Wewe unamimina chai, yeye anainusa kwanza, kisha mnakunywa bila kusemeshana. Leo ana miaka kumi na saba, magoti yanamfika kidevuni akikaa pale, na bado anaweka viwili. Tangu ujue una mimba unakigeuza chako kitazame friji. Yeye anainuka, anakirudisha. Unakigeuza. Anakirudisha. Mwishowe unachukua kikombe unakwenda kunywea chumbani, na yeye anabaki anakitazama kigoda hicho kitupu mpaka chai yake inapoa. Mimi nasimama hapo na kitambaa cha vyombo mkononi, sijui nimwendee nani. Huyu mwanangu, yule mwanangu.

Nilipokuuliza ulilia. Ukaniambia, "Mama, naapa siamini hayo mambo. Nauza dawa, nimesoma. Lakini nikimtazama moyo unanipiga." Ni ule usemi wa wanawake, kwamba mwenye mimba akimtazama sana mtu aliye tofauti, mtoto humuiga tumboni. Sikukucheka, na sasa nakuambia sababu. Nilipokuwa na mimba ya Yusufu, palikuwa na bubu mmoja akiuza njugu njiani karibu na tulikokuwa tunakaa. Kila siku nilivuka barabara nisikutane naye uso kwa uso. Tumbo hili, gari zinapiga honi, maboda boda wananitukana kwa Kiganda, na mimi navuka. Yule bubu alijua. Alikuwa akiniona nakuja anageuka mwenyewe atazame ukutani, anirahisishie. Sasa kama ni kutazama ndiko kunakoleta, basi Yusufu angezaliwa anasema kama mtangazaji wa redio.

Basi nikuambie tulivyomgawana.

Wewe ulikuwa na miaka saba siku ya arobaini yake, nadhani unakumbuka biriani tu. Siku hiyo mtoto hutolewa nje, na wanawake wa pande zote mbili hukaa mkekani wakampitisha mkono kwa mkono. Mmoja anauliza, "Pua hii ya nani?" Mwingine anajibu, "Ya babake!" "Na masikio?" "Ya bibi yake mzaa mama!" Aliyetajwa lazima aseme, "Changu hicho, nimepokea," kisha vigelegele, na mtoto anasogezwa mbele. Ni mchezo, lakini nimeona watu wakinuniana mwaka mzima kwa ajili ya kidevu.

Yusufu alikuwa mzuri, jamani. Si kwa kuwa nilimzaa mimi. Walimgombea. Bibi yako mzaa baba akayachukua macho, akasema macho makubwa ni ya kwao tangu wazee wao walipokuja huku na misafara ya biashara. Mdogo wangu Zubeda akavichukua vidole, virefu, akasema hivi vya fundi cherehani kama mimi. Paji la uso likaenda kwa marehemu babu. Alipofika kwangu hakikubaki kitu. Nikasema, "Na mimi mmenibakishia nini?" Wakasema, "Wewe umebakishiwa kumnyonyesha!" Tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Miaka mitatu baadaye mtoto haitiki jina lake. Ukimnyanyua anakakamaa. Dukani kwa baba yako anakaa kutwa anapanga majora ya vitambaa, ukilisogeza moja analia mpaka anatapika. Pikipiki ikipita anajitupa chini na mikono masikioni. Na wale wale wa mkekani wakaanza kurudisha. Bibi yako akasema, "Macho yale hayamtazami mtu. Si yetu yale, sisi kwetu watu hutazamana." Zubeda, mdogo wangu mwenyewe wa tumbo moja, akaniambia kwa upole, "Dada, hivi anavyopepesa vidole mbele ya taa, kwetu hakuna." Hata paji la uso lilirudi, na aliyekuwa mwenyewe alikwisha kufa. Nikarudishiwa mtoto wangu kipande kipande.

Nami sikukaa kimya, unanijua mdomo wangu. Kila walichonirudishia niliwatupia. Nikamkumbusha bibi yako juu ya mumewe, babu yenu, aliyekula katika bakuli moja maisha yake yote, na mgeni akiingia mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Nikasema, huyo mliyemwita mcha Mungu alikuwa nini? Baba yako alikuwa ananisikia. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na ukimya wake nao nikauingiza kwenye mashtaka. Aliondoka duniani, Mungu amrehemu, mimi na mama yake bado tunamsukumiana mtoto huku na huku, na kumbe hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anamuuliza Yusufu kama amekula.

Upande wa damu ulipokwisha nikahamia upande wa mambo. Ile malaria niliyoumwa mimba ikiwa changa. Rangi tuliyopaka duka. Kuzaliwa kabla ya mwezi wake. Umri wa baba yako, kwa kuwa alinioa akiwa mtu mzima, ana mvi. Chanjo. Kuna wakati nililichukia jiko la mafuta ya taa, moshi wake, nikalitupa jalalani, tukala mkate mkavu mpaka baba yako akanunua la mkaa. Nikampeleka kwa mwalimu amsomee. Yusufu akaziba masikio, mwalimu akasema, "Umeona? Jini limesikia." Nikamwambia, "Mwalimu, huziba hivyohivyo akisikia honi ya boda boda." Hakupenda. Njiani nikacheka peke yangu, kisha nikalia, konda wa teksi akaniuliza mbele ya abiria wote kama nimefiwa.

Unaona mwanangu nilivyokuwa? Nilidhani nikimpata mwenye kosa, mtoto atarudi. Sijui atarudi kutoka wapi, maana hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amekaa pale pale anapanga majora.

Sasa nije kwako. Jumatatu baada ya swali lako nilikuambia nakwenda soko la Kamwokya. Sikwenda sokoni. Nilikwenda hospitali ya Mulago. Zile nyanya nilizorudi nazo nilizinunua njiani ili usishuku, na ulisema zimeoza, kweli zilikuwa zimeoza. Nilikaa benchini tangu asubuhi mpaka nikampata daktari wa watoto wa aina ya Yusufu, binti mdogo tu, anaweza kuwa rika lako. Nikamwambia sikuleta mgonjwa, nimeleta swali. Akacheka, akanipa kiti.

Nikamuuliza lako kwanza. Akasema usonji, ndilo jina lake kwa Kiswahili, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye urithi, lakini si urithi wa mtu mmoja kama pua. Ni vitu vidogo vidogo vingi sana, vinatoka kwa baba na kwa mama, na watu wengi wanavyo viwili vitatu wanaishi navyo bila kujua. Yapo na mengine yanayoweza kuongeza, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, mama kuugua, baba kuwa na umri mkubwa. Lakini akasema mambo hayo huwapata watu wengi na watoto wao hawawi hivyo. Nikamuuliza kuhusu kutazama. Akatikisa kichwa. Chanjo? Akatikisa. Jiko langu? Akasema moshi si mzuri kwa mapafu ya mtu yeyote, lakini hawezi kuniambia kwamba ndio uliomfanya Yusufu. Nikamwambia, "Daktari, mimi nina mtoto mmoja tu wa namna hii. Niambie kwa huyu mmoja ni nini." Akasema, "Mama, kwa mtoto mmoja hakuna mtu atakayeweza kukuonyesha sababu. Atakayekwambia anaweza, anakudanganya."

Na kwa huyo wako? Akasema dada wa mtu mwenye usonji, uwezekano wa kupata mtoto kama huyo umezidi kidogo kuliko kwa mtu mwingine, lakini wengi wao hupata watoto wasio hivyo. Nikamuuliza kama kuna kipimo, maana siku hizi mnapiga picha mpaka kidole cha mtoto kinaonekana. Akasema hakuna kipimo cha tumboni kitakachokujibu hilo swali. Nikamwambia nimetoka nyumbani nikitaka jibu moja tu nimpelekee binti yangu. Akaweka kalamu chini. "Sina, mama," akasema, na alinihurumia kwelikweli, nikachukia kuhurumiwa, nikamshukuru nikaondoka.

Ndiyo maana sikukuambia. Ningekuja kusema nini? Nimetoka hospitali kubwa nimekuletea "sijui"? Nilipika chakula, nikalaumu nyanya.

Lakini lile neno lake la vitu vidogo vidogo halikunitoka. Nilianza kujitazama. Saida, mimi nilipokuwa mtoto nilikuwa siitiki nikiitwa. Mama yangu alipiga sufuria nyuma ya kichwa changu aone kama ni kiziwi. Mpaka leo siwezi kuvaa nguo yenye mshono wa shingoni, ninaufumua. Harusini kila mara natoka nje, nasema joto, si joto, ni zile sauti. Na kabla ya kumpigia mtu simu najisemea maneno yote kwanza bafuni, wewe unanicheka unasema mama anazeeka. Sizeeki. Nimekuwa hivyo siku zote. Nikawakumbuka na wengine. Zubeda, anayejidai kwao hakuna, jaribu kuhamisha kikombe kimoja kabatini kwake uone. Na wewe! Wewe ulilia maharagwe yakigusa wali mpaka darasa la nne. Ukilipenda neno moja ulilisema wiki nzima, baba yako alikuwa akikimbilia msikitini kabla ya wakati. Pale dukani wanakusifu unavyojua kila dawa ilipo hata gizani. Mimi nacheka moyoni, nasema sifa hizo mpeni na mdogo wake.

Kumbe vile vipande tulivyokuwa tukirudishiana vyote vilikuwa na wenyewe. Tulikuwa navyo sote pale mkekani. Kwa Yusufu vimekutana vingi, pamoja na mengine tusiyoyajua, vikawa vizito kuliko alivyoweza kubeba. Laiti ningelijua hivyo siku ile nilipokuwa nikimtukania bibi yako mumewe. Ningelisema, changu hicho, nimepokea. Na pengine ningesema hivyo na bado nisilale, kwa sababu kujua hakumfanyi aseme, wala hakumpunguzii kelele za barabarani. Sikufichi.

Sasa jambo la Makindye.

Zubeda alikuja na wazo lake, na alilileta kwa moyo mzuri, usije ukamchukia. Akasema, "Dada, mlete Yusufu kwangu Makindye. Arobaini tu. Saida aje azae kwako kwa amani, umkande, tumtoe mtoto nje vizuri, kisha nitamrudisha." Ulikuwa umekaa pale mlangoni. Nilikuona ukiinua uso, mara ya kwanza tangu siku ya vitunguu. Nikaona unataka kuja. Mwanangu, ulitaka kuja kwangu! Nikasema, haya, tujaribu siku moja.

Jumapili tulimpeleka. Nilimfungia shuka lake, kikombe chake, mkate wa aina yake. Nalongo, jirani yetu, alitusindikiza mpaka barabarani akisema kwa Kiswahili chake, "Mama Saida, usiogope, mutoto atazoea, hata yangu mapacha walizoea shule ya boodingi." Nilimwachia Zubeda, nikarudi nikiwa nimejikaza. Wewe ulifagia nyumba nzima mchana ule. Uliimba, sijui kama ulijisikia. Nilikuwa naosha vyombo nasikiliza, nikisema moyoni, Mungu, hivi ndivyo nyumba za wenzetu zilivyo? Nilifurahi. Nilifurahi hayupo.

Zubeda alipiga simu jua linazama. Nilisikia pumzi zake tu. Nikapanda boda boda, mimi ninayeziogopa. Nilimkuta Yusufu amesimama getini, ameshika bati, hajaketi tangu nilipomwacha, hajala. Hakupiga kelele hata kidogo, Zubeda anasema angepiga kelele wangejua la kufanya. Saa ya chai ilipofika alianza kujing'ata mkono. Alijing'ata pale pale, mahali pamoja, watu wazima watatu wakashindwa kumbandua. Aliponiona aliachia, akatembea mbele yangu mpaka barabarani bila kunitazama. Mdogo wangu alikuwa ameketi kizingitini na damu kwenye dera lake, analia, "Dada nisamehe, dada nimeshindwa."

Tulirudi. Ulifungua mlango ukaona bandeji niliyomfunga. Uliangalia mkono wake, ukaniangalia mimi, ukaingia chumbani na nikasikia ukifungua begi, zipu ile kubwa. Nikasimama nje ya mlango wako nimeinua mkono nibishe, nikaushusha.

Wote wananiambia nimpeleke tena. Nalongo anasema mara ya kwanza huwa hivyo. Zubeda mwenyewe, na hofu yote ile, anasema yuko tayari, atatafuta kijana mwenye nguvu wa kumsaidia kumshika. Pengine ni kweli angezoea. Wengine huzoea. Pengine baada ya wiki angekaa, angekula, na wewe ungekuja, na ningempokea mjukuu wangu kwa mikono hii. Nimelifikiria sana, nimeligeuza huku na huku, na kila nikifika kwenye yule kijana mwenye nguvu moyo unakataa.

Sitampeleka, Saida.

Wala kuja Mwanza siwezi. Basi la safari ndefu hatalistahimili, na hakuna wa kumwachia, umeona mwenyewe. Kwa hiyo utaumwa uchungu na mimi sipo. Watu wengine watakushika mgongo. Mtoto atapewa jina, atanyolewa nywele, na mimi nitaoneshwa kwenye simu, mtandao ukikubali. Nalijua hilo, na bado nimechagua. Nimemchagua yeye, na sikukuchagua wewe. Naliandika hivyo wazi kwa sababu utalijua tu, na afadhali ulijue kwa mkono wangu kuliko ulibahatishe njia nzima kutoka hapa mpaka Mwanza.

Si kwamba nampenda zaidi. Wallahi, si hilo. Wewe ukikasirika na mimi utanipigia simu utanisema, utakaa mwezi hupokei, mwisho utapokea. Unayo maneno, unaye mume, una miguu ya kuondokea. Yeye anao mkono wake tu wa kung'ata. Kama ningekuwa na mwili mwingine ningekupa wewe. Sina, na ndilo linaloniua.

Basi hili ndilo jibu la swali lako, na nimelichelewesha mpaka mwisho kwa woga. Atakuwa kama Yusufu? Sijui. Daktari hajui, mama yake Idrisa hajui, na atakayekuambia anajua usimkaribishe chai. Anaweza kuwa mtoto wa kusema mpaka akuchoshe. Anaweza kuwa kama yeye. Mkija kumtafutia mwenye kosa, mtanipata mimi kwa urahisi, nipo, nawe liandike jina langu mwanzoni, nitakubali. Lakini usimgeuzie uso mtoto huku unatafuta. Mimi niligeuza, nikaja kumtazama vizuri ana miaka mingi tayari, na ile miaka sijui nimwombe nani anirudishie.

Kesho asubuhi sitafika kituo cha basi. Zile honi na wapiga debe Yusufu hatazistahimili, na kumwacha peke yake siwezi. Zubeda atakusindikiza. Usiseme mama amenuna. Nitakuwa hapa mlangoni, nitakukumbatia ukiniruhusu, na najua nitasema neno la kijinga, nitakuuliza kama umechukua sweta.

Chumba chako hajapewa mtu. Godoro nimelianika leo, umeliona ukadhani nafukuza kunguni. Ukibadili nia wakati wowote, hata ukiwa umeshaanza kuumwa, hata kama ulikwisha kunitukana kwa simu, njoo. Usiulize kwanza. Ila usije ukidhani kwamba nitakuwa nimempeleka mahali.

Ukija, Yusufu atakuwa hapa.

Mama yako